Riadha ya vijana ngazi ya kanda: saa safi, viunzi vya kubahatisha

Nyota tatu kati ya tano, na karibu zote nawapa watu wa saa. Mashindano haya ya vijana chini ya miaka 18 nimeyatazama kwa jicho la kocha wa viunzi, kwa hiyo msitarajie nisifie sherehe ya ufunguzi. Wakati wa gwaride nilikuwa nimepiga magoti kwenye njia ya nne na futi kamba yangu.

Mstari wa kumalizia ulikuwa na kamera ya picha, na matokeo yalibandikwa ubaoni kabla watoto hawajamaliza kuvua viatu vya misumari. Mbio fupi zote zilikuwa na kipimo cha upepo pembeni ya muda. Binti yangu mmoja wa mita 100 aliona muda ambao hajawahi kuukimbia, akaruka juu kwa furaha, halafu tukasoma upande wa kulia: upepo mita 2.6 kwa sekunde. Kikomo ni 2.0, ukizidi hapo muda hauingii kwenye rekodi. Alinuna mpaka jioni, lakini ameambiwa ukweli. Kwenye saa za mkononi kila kocha huwa na muda wake, na ajabu ni kwamba kila mmoja humpendelea mtoto wake.

Sasa viunzi. Umri huu wavulana wanaruka sentimita 91.4 kwenye mita 110, si zile 106.7 za wakubwa, na wasichana sentimita 76.2 kwenye mita 100. Vimo nilivipima, vilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa chini, kwenye miguu ya kiunzi, ambako kuna vizito vya kusogezwa. Ukibadilisha kimo, vizito navyo lazima uvisogeze, ili kiunzi kiangushwe na nguvu ya kilo 3.6 hadi 4, isizidi. Wavulana walipomaliza, vijana wa kujitolea waliteremsha mbao na kupanga upya nafasi kwa kasi ya kupendeza kabisa. Vizito wakaviacha palepale.

Mchujo wa kwanza wa wasichana, mtoto wa timu nyingine akakigonga kiunzi cha tatu kwa goti la mguu wa nyuma. Kiunzi kikayumba, kikarudi kusimama wima kama mlinzi wa benki. Aliyeanguka ni yeye. Nikamfuata msimamizi.

"Mkuu, vizito havijasogezwa."

"Mwalimu, kimo kimeshakaguliwa."

Tungebishana hadi usiku kama si mwamuzi mmoja mama wa makamo, ambaye hakusema neno. Alikiendea kiunzi cha karibu, akakisukuma juu kwa kiganja, kikagoma. Akakisukuma cha pili. Kisha akainua bendera na mbio zikasimama. Viunzi 10 kila njia, njia nane, vyote vikarekebishwa upya huku waliobaki wakisubiri. Huyo mama ndiye nyota ya tatu.

Kusubiri kwenyewe ni lalamiko jingine. Watoto walipasha misuli moto vizuri, wakaitwa kwenye sehemu ya ukaguzi wa namba na viatu, wakakalishwa pale hadi jasho likawakaukia. Mwanariadha mzoefu anajua kujitunza akikalishwa hivyo. Mtoto wa miaka 16 anakaa tu, anaogopa hata kuomba kunyoosha mguu.

Upande wa mirusho, vifaa vilipita kwenye mizani kimoja kimoja: tufe la kilo 5 kwa wavulana na 3 kwa wasichana, mkuki wa gramu 700 na 500. Safi. Ila hapakuwa na ubao wa matokeo. Baada ya mitupo mitatu wanabaki wanane bora, ndio wanaopewa mitupo mitatu zaidi, na kijana wangu wa tufe aliingia kwenye duara mara ya tatu bila kujua yuko nafasi ya ngapi wala anadaiwa sentimita ngapi. Aliishia wa tisa. Jukwaani nako hakuna aliyejua kinachoendelea, maana mtangazaji alikuwa na macho ya mbio tu.

Waamuzi wa miruko mitatu walijua kazi yao. Binti aliyekuwa na mita 400 wakati huohuo aliruhusiwa kuruka kabla ya zamu yake, kama kanuni zinavyoruhusu, akaenda kukimbia akarudi, hakuna aliyemkunjia uso. Na kama una nafasi ya kutazama tukio moja tu, tazama mbio za kupokezana vijiti za mchanganyiko, mita 100, 200, 300, kisha 400. Uongozi ulibadilika kila kijiti kilipobadilika, na nilipiga kelele kwa timu ambayo hata siijui.

Nitawapeleka vijana tena mwakani. Kocha wa viunzi, fika mapema na usukume viunzi kwa mkono kabla ya mchujo wa kwanza, usingoje mtu agonge. Mwenye warushaji, simama karibu na uzio wa mirusho na daftari, andika kila mtupo wa kila mshindani, na umwambie mtoto wako hesabu kabla hajaingia kwenye duara.