Wiki nne na traka ya nyota: nilivyoifuata Uranusi nikiwa Dodoma

Traka hii niliinunua Septemba 2025 kwa kazi moja: kuipiga picha sayari ya Uranusi usiku baada ya usiku hadi nione kwa macho yangu kwamba inatembea. Pamoja na usafirishaji na ushuru ilinigharimu takribani shilingi laki nane na nusu. Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu kasoro nitakayoieleza inatokana na mahali tunapoishi zaidi kuliko aliyeitengeneza, na mtu wa Nairobi au Kampala atakutana nayo vilevile.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni kijisanduku chenye mota kinachofungwa kati ya stendi na kamera. Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, na kijisanduku kinaizungusha kamera kwa mwendo huohuo kuelekea upande wa pili, ili nyota zitulie kwenye picha. Kamera yangu ni Canon 700D, lenzi ni ya zamani ya milimita 135. Kwa lenzi hiyo bila traka, ukiacha shata, yaani kipazia cha kamera kinachoruhusu mwanga, wazi zaidi ya sekunde 2 nyota zinaanza kuvutika.

Sasa tatizo lenyewe. Mhimili wa traka lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa mtu wa Ulaya: chungulia kwenye kidarubini, itafute Nyota ya Kaskazini, kaza skrubu, umemaliza. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini huku haionekani, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na taa za mji, tena hakuna nyota angavu ya kuionyesha. Kidarubini kile nilikifungua na kukirudisha kwenye boksi, na humo ndimo kilimo hadi leo.

Kitako cha kuinamishia traka nacho kinaanzia nyuzi 20. Mimi nilihitaji 6. Nilijaribu kufupisha mguu mmoja wa stendi, ikawa inataka kuanguka kila nikigusa kamera. Nikaenda kwa fundi seremala na karatasi niliyochora pembe, akanichongea kabari ya mninga yenye mwinamo wa nyuzi 14, akatoboa katikati tundu la bolti. Hicho kipande cha mbao ndicho kilichoiokoa safari yote, na ningemshauri kila mtu wa ukanda huu atengenezewe cha kwake kabla traka haijafika.

Upande wa kusini niliutafuta kwa dira ya simu, nikiwa nimesimama hatua kadhaa mbali na stendi, maana chuma kinaivuruga. Baada ya hapo niliangalia nyota moja kwenye skrini ya kamera, nimeikuza hadi mwisho, kwa dakika 5. Ikipanda au ikishuka nasogeza kitako kidogo, naangalia tena. Usiku wa kwanza zoezi hili lilinichukua zaidi ya saa nzima, na bado nyota zilitoka ndefu kama punje za mchele. Kumbe swichi ya kaskazini na kusini ilikuwa bado kwenye kaskazini, mota inazunguka upande usio wake. Nilipoigeuza nikapata sekunde 30 safi. Usiku wa tatu nilifika sekunde 60, na hapo ndipo nilipoanza kukipenda kifaa hiki.

Novemba ulikuwa mwezi wa kufaa. Uranusi ilikuwa mkabala na jua tarehe 21, yaani Dunia iko katikati yao, kwenye kundinyota la Ng'ombe (Taurus), kama nyuzi 4 kusini mwa Kilimia, kile kile ambacho wazee walikitazama kujua msimu wa kulima. Lenzi ya 135 inavichukua vyote viwili katika fremu moja. Kwa hiyo nilikuwa na alama ambayo siwezi kuipoteza: nakiweka Kilimia pembeni mwa fremu, na sayari imo ndani, iwe naijua au siijui.

Nilianza Novemba 14. Usiku huo sikuijua. Kulikuwa na vidoa vingi vinavyofanana, na ramani ya Stellarium, programu ya kuonyesha anga, ndiyo iliyonionyesha ni kipi. Novemba 17 nilipiga tena, nikazilinganisha picha mbili kwenye programu ya Siril ili nyota zikae juu ya nyota, kisha nikawa nabadilisha moja baada ya nyingine. Anga lote limetulia. Kidoa kimoja, chenye kijani hafifu, kikaruka kuelekea magharibi. Nilirudia mara nyingi sana kubofya vile, nikaenda kumwamsha mke wangu aje aone.

Mwendo wake siku zile ni kama pikseli 22 kwa siku kwenye kamera yangu. Angani, huchukua siku 12 hivi kuvuka upana wa mwezi mpevu. Na inakwenda kinyumenyume. Ukiwa kwenye basi la Morogoro mnalipita lori, lori linaonekana linarudi nyuma ukilitazama dhidi ya milima. Dunia ndiyo basi. Uranusi, inayohitaji miaka 84 kulizunguka jua, ndiyo lori. Lori lenyewe lilikuwa mbali nasi kilomita bilioni 2.8 hivi.

Nilipata mausiku saba. Mwanzoni mwa Desemba mwezi mpevu ulipita karibu kabisa na Kilimia, picha zikawa nyeupe tupu. Mengine yalichukuliwa na mawingu ya mvua. Picha ya mwisho ni ya Desemba 12, niliyoiwahi kabla mwezi haujachomoza. Nilipoziunganisha zote saba ukatokea mstari wa vidoa, urefu wake unazidi kidogo miezi mipevu miwili ukiipanga, unazielekea nyota mbili ndogo, 13 na 14 Tauri.

Mwaka 1690 John Flamsteed, mwanaastronomia wa mfalme kule Greenwich, Uingereza, aliiandika Uranusi kwenye orodha yake akidhani ni nyota, akaipa jina la 34 Tauri. Ni kundinyota hilohilo. Tangu hapo imezunguka takribani mara nne na imerudi. Iligunduliwa kuwa si nyota mwaka 1781, William Herschel alipoona kwamba inahama. Nikiutazama mstari wangu naelewa alichokiona, na ndiyo sababu sijutii hata senti.

Lakini lazima niseme kweli kwa anayebana fedha: Uranusi yenyewe haikulazimishi kuwa na traka. Mwangaza wake unatosha kunaswa kwa sekunde 2 na stendi ya kawaida, na mruko wake utauona. Traka inakupa nyota hafifu zinazoizunguka, na bila hizo kulinganisha usiku na usiku ni kubahatisha. Kama huna hata stendi nzuri, anza na stendi.

Februari 4, 2026 sayari itasimama na kugeuka kuelekea mashariki. Mvua ikiniruhusu, kabari ya mninga itakuwa uani usiku huo.