Sanamaki ya pakiti: chukua majani mazima, acha unga

Sanamaki, mmea wa dawa ya kufungua choo, huuzwa kwa sura tatu: majani makavu, maganda ya mbegu na unga. Pakiti ya majani mazima ndiyo tunayoipa alama ya juu, kwa kuwa mnunuzi anaweza kuikagua kwa macho. Jani halisi ni la kijani cha kijivujivu, refu sm 2 hadi 6, lenye ncha iliyochongoka, na penye kikonyo pande zake mbili hazilingani: mmoja huanzia chini kuliko mwenzake. Hapo ndipo pa kutazama kwanza. Majani ya argeli (Solenostemma argel), kichaka kinachoota Misri na Sudan kama sanamaki yenyewe, huchanganywa humo. Hayo ni manene, yana mikunjo, na chini yamelingana.

Unga hauna cha kukagua. Tena hudanganya kipimo, kwani kijiko chake kina uzito kuliko kijiko cha majani yaliyokatwa, na watu huzidisha bila kujua.

Kipimo cha mtu mzima ni gramu 1 ya majani, kwa mizani. Mimina maji ya moto ml 150, funika dakika 10, chuja, unywe wakati wa kulala. Majani yenye senosaidi (kiini kinachofungua choo) asilimia 2.5 yatatoa hadi mg 25, na kiwango cha siku ni mg 15 hadi 30. Choo hupatikana baada ya saa 6 hadi 12, kwa sababu senosaidi haifanyi kazi mpaka bakteria wa utumbo mpana waivunje. Asiyejua hilo huona kimya baada ya saa mbili, akaongeza kikombe. Alfajiri anaamka na msokoto wa tumbo na kuharisha. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokoza au mwekundu kidogo, usishtuke.

Maganda ni mapole kuliko majani.

Chai za kupunguza uzito zenye sanamaki tunazikataa kabisa. Chakula huwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla dawa haijaanza. Kinachotoka ni maji, na potasiamu pamoja nayo. Usivuke wiki moja mfululizo. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 12, anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kukojoza, na mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, wasiiguse bila daktari.

Ihifadhi kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga. Pakiti yenye uvundo irudishe dukani.