Shahada ya Elimu ya Shule za Msingi kwa Masomo ya Likizo: Tathmini ya Mwalimu Aliyeyapitia

Nimehitimu Shahada ya Elimu, mkondo wa shule za msingi, katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya kwa utaratibu wa masomo ya likizo, ambao humwezesha mwalimu aliye kazini kuhudhuria mihadhara mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, kisha arudi darasani shule zinapofunguliwa. Walimu wengi wenye cheti cha P1, yaani cheti cha ualimu wa shule za msingi, wanaulizana kama karo yake inafaa kulipwa, hasa tangu vyuo vya ualimu vianze kutoa diploma mwaka wa 2021 mahali pa cheti hicho. Kwa maoni yangu inafaa, mradi mwalimu awe anataka kuyafundisha vizuri zaidi madarasa ya chini.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kozi ya ufundishaji wa kusoma na kuandika. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kupata mafunzo ya Tusome, mpango ulioenezwa kote nchini kuanzia mwaka wa 2015, kwa hiyo hatua za kufundisha sauti, silabi na maneno tulizijua barabara. Ugumu wetu ulikuwa kutambua mtoto amekwama wapi. Mhadhiri wetu, ambaye naye alifundisha shule ya msingi kabla ya kuingia chuoni, alitusikilizisha sauti zilizorekodiwa za watoto wa Gredi ya 2 wakisoma, akatutaka tuandike kila kosa jinsi lilivyotamkwa kabla ya kusema lolote juu yake. Mtoto mmoja alisoma "ng'ombe" na "ng'oa" kwa sauti inayoanza neno "ngoma", tena kila mara, nasi tukakimbilia kusema kwamba hajui kusoma. Tulipoyapitia maandishi yetu tuliona kuwa alizitambua herufi zote na kuziunganisha silabi ipasavyo. Hakuwa amefundishwa kazi ya ritifaa, ile alama ya ('), basi. Kosa la namna hiyo mwalimu anaweza kulirekebisha katika kipindi kimoja, ilhali akimrudisha mtoto kwenye irabu anampotezea muhula mzima.

Kozi ya Hisabati nayo ilikuwa na uzito huohuo. Tulijadili kwa kina sababu inayomfanya mtoto adai kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa kuwa 4 inaizidi 3, na jinsi ya kumfanya akunje vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, kimoja katika sehemu nne sawa na kingine katika sehemu tatu sawa, ajionee mwenyewe kabla ya kuonyeshwa kanuni yoyote. Kozi za falsafa, historia ya elimu na uongozi wa shule tulizisoma pamoja na wanafunzi wa ualimu wa sekondari katika ukumbi uliojaa kupita kiasi, na mifano karibu yote ilikuwa ya shule zao.

Palipolegea zaidi ni mazoezi ya kufundisha, na jambo hili linaniuma kwa sababu ndilo kiini cha masomo yenyewe. Mkaguzi wangu wa kwanza alikaa nyuma ya darasa kipindi kizima, akalinganisha andalio la somo na azimio la kazi, kisha akanieleza kwamba maswali yangu mengi yalijibiwa na watoto walewale wa safu ya mbele. Maelezo hayo yalibadilisha ufundishaji wangu tangu siku hiyo. Aliyemfuata alifika mwisho wa kipindi, akatia sahihi faili na kuondoka. Vilevile alama zangu za kozi mbili zilipotea katika ofisi za idara, nikalazimika kuomba ruhusa shuleni na kuzifuatilia mimi mwenyewe. Ninawashauri wote wanaojiunga wahifadhi nakala ya kila kadi ya mtihani na kila kazi waliyoiwasilisha.

Kuhusu cheo, ni lazima niseme wazi, maana wapo walimu wanaochukua mkopo wa sacco kwa matumaini ya kupandishwa daraja mara tu wanapohitimu. Chini ya miongozo ya Tume ya Huduma za Walimu iliyoanza kutumika mwaka wa 2017, shahada pekee haimpandishi mwalimu moja kwa moja; kupanda kunategemea nafasi zilizotangazwa, tathmini ya utendakazi na usaili. Anayeanza kabisa naye akumbuke kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Tume hiyo ya mwaka wa 2012, hawezi kufundisha kihalali kabla ya kusajiliwa, hata akiwa na shahada mkononi.

Kabla ya kulipa karo ya semista ya kwanza, hakikisha kwamba programu yenyewe, mbali na chuo, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha watafute waliohitimu hapo karibuni uwaulize mambo mawili: walikaguliwa mara ngapi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na je, wahadhiri wa mbinu za ufundishaji wamewahi kufundisha darasa la watoto wa miaka 7? Majibu yakiwa ya kusitasita, tafuta chuo kingine, hata kama kipo mbali zaidi na nyumbani.