Miezi Minne na Unga wa Omena: Uzoefu Wangu wa Malindi

Nilianza kununua unga wa omena mwezi wa Juni, kusi ilipokaza, mashua ndogo zikawa haziendi mbali na bei ya samaki sokoni Malindi ikapanda hadi tukawa tunamla mara mbili tu kwa wiki. Nina mtoto wa miezi kumi na mitano anayetegemea uji wa wimbi, na mama mkwe ambaye meno hayamruhusu tena kutafuna ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa kwa chumvi. Nilipoleta pakiti ya kwanza, mama mkwe aliigeuzageuza mkononi akaniuliza, "Mwanangu, bahari hiyo hapo, wewe wanunua samaki wa ziwani?"

Jibu langu lilikuwa mifupa. Omena, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda mukene, huliwa wazima, kichwa kwa mkia, na wakisagwa mifupa yote huingia katika unga. Ndiyo maana gramu 100 za unga huo huwa na zaidi ya miligramu 1,000 za kalisi, kiasi ambacho mnofu mtupu wa samaki wa baharini kama changu haukikaribii. Protini nayo huzidi nusu ya uzito. Hapo pakiti ilinikera kidogo, kwa kuwa ilijisifu kuwa na protini mara tatu ya samaki mbichi, maneno ya kweli lakini yenye kupotosha: samaki mbichi ni maji kwa kama robo tatu, na yeyote akikaushwa atapanda vivyo hivyo. Kipimo cha haki ni kijiko. Kijiko changu cha chakula nilikipima kwenye mizani nikapata gramu 7, yaani protini ya gramu 4 hivi, pungufu ya yai moja. Si nyingi, lakini katika uji mtupu inaonekana, hasa kwa kuwa huja pamoja na chuma, zinki na vitamini B12 ambayo nafaka haina, na samaki husaidia mwili kufyonza hata chuma kilichomo katika wimbi na kunde.

Pakiti ile ya kwanza, hata hivyo, niliitupa. Nilikoroga kijiko kimoja katika bilauri ya maji, nikaiacha itulie, na chini pakabaki utando wa mchanga uliokwaruza nilipousugua kwa vidole. Omena wengi huanikwa ufuoni, wengine mchangani penyewe, na msagaji asiyewaosha hukuuzia ufuo pamoja na samaki. Unga ulikuwa pia na harufu ya mafuta yaliyovunda, haukuandikwa tarehe ya kusagwa, ila uliorodhesha maradhi kadhaa unayodaiwa kuyatibu. Muuzaji nilipomweleza alicheka tu.

Tangu hapo nanunua omena wazima kule Kisumu Ndogo, nawaosha mara tatu, nawaanika tena, nawakaanga bila mafuta hadi wavunjike kwa kidole, kisha natwanga. Makapi yanayobaki kwenye chekecheke nayarudisha kinuni, kwani hayo ndiyo mifupa yenyewe. Natengeneza kidogo kidogo, wa wiki mbili, na chupa naifunga sana, maana joto letu na unyevu wa pwani huuharibu upesi.

Mtoto namtilia kijiko cha chai katika uji, pamoja na matone ya ndimu, kwa sababu unga huu hauna vitamini C ya kutegemewa na ndimu huongeza ufyonzaji wa chuma. Unga nikiuzidisha, anatema. Mama mkwe hakuvutwa na habari za kalisi hata kidogo. Kilichomgeuza ni chumvi: ana presha, ng'onda amekatazwa, na omena hawa huanikwa bila kutiwa chumvi. Sasa kijiko chake hukitia mwenyewe katika kunde za nazi, tui zito likishaingia, na wageni wakija chupa huificha nyuma ya mtungi.