Toastmasters: utamu uko kwenye tathmini

Jamani kama kazi yako inakusimamisha mbele za watu, iwe kikao cha ofisi au kusoma ripoti kwa wafadhili, tafuta klabu ya Toastmasters, ile ya watu wanaokutana kufanya mazoezi ya kuhutubia, ukaitembelee, kwa kawaida mgeni halipi kitu. Chama kilianzishwa na Ralph Smedley kule California mwaka 1924 na Dar na Nairobi klabu zipo. Wengi wanajiunga wapate pa kuongea, ila mi nasema thamani yake iko kwenye ile tathmini ukishamaliza.

Iko hivi, hotuba nyingi ni dakika 5 mpaka 7, mshika saa ananyanyua kadi ya kijani dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Kuna mwingine anahesabu "aaa" na "yani" zako zote. Afu kuna mtathmini, yeye amekaa pale kwa ajili yako tu, anasimama dakika 2 hadi 3 anaichambua hotuba yako watu wote wanasikia.

Dada mmoja alileta hotuba ya vikoba, ndani yake kuna stori nzuri sana ya mama yake alivyofungua genge kwa mkopo wa kikundi, lakini akaanza na itifaki, mheshimiwa huyu mheshimiwa yule, mpaka stori inafika kadi ya kijani ishanyanyuliwa. Mtathmini akamwambia, "Dada, mama yako ndo hotuba yenyewe, anza naye. Na tukitoka hapa unataka tukafanye nini?" Aliporudi na hotuba ile ile, sentensi ya kwanza mama anapanga nyanya mafungu mafungu, watu wakaweka simu chini. Tangu hapo mi naandika kwanza kile nachotaka watu wakafanye, ndo natafuta pointi mbili tatu za kuwafikisha hapo, kisichosaidia nakitoa hata kama nakipenda.

Ada ni dola 60 kwa miezi 6, kwa wengi wetu si hela ndogo, na klabu nyingi zinaendeshwa kwa Kiingereza. Pia klabu hazifanani, kuna moja nilienda watathmini wanasema tu "umependeza, umeongea vizuri" wanakaa, hapo hujapata kitu. Kwa hiyo nenda kama mgeni zaidi ya mara moja, sikiliza watathmini kuliko wahutubiaji, wakisema vitu vya kushika jiunge, wakiwa wanasifia tu hamia klabu nyingine.