Shampeni ya mkulima au ya kampuni kubwa?

Kabla hujalipia chupa ya shampeni, igeuze usome maandishi madogo kwenye lebo. Ukikuta herufi NM, mtengenezaji ananunua zabibu kwa wakulima wengine. Ukikuta RM, aliyelima mizabibu ndiye aliyetengeneza mvinyo.

Kampuni kubwa kama Moët & Chandon ya Épernay, mji wa eneo la Champagne nchini Ufaransa, huchanganya mvinyo wa vijiji vingi na wa miaka tofauti, ili ladha ya chupa ya leo isipishane na ya mwaka jana. Ni kazi ya ustadi. Kwa harusi ya watu mia mbili ningechukua hiyo bila kusita.

Lakini moyo wangu uko kwa wakulima. Pierre Péters, familia ya wakulima wanaotengeneza shampeni, wako Le Mesnil-sur-Oger, kijiji chenye udongo wa chaki kinachosifika kwa zabibu nyeupe za Chardonnay. Mimina, acha povu litulie, kisha onja taratibu: kwanza ukali wa limau, halafu kitu kama chumvi kinachobaki ulimini. Hapo unaonja kijiji chenyewe. Mwaka ukiharibika, mkulima hana mashamba ya mbali ya kumfidia, na bado anaweka jina lake kwenye chupa.