Shimo limerudi: fundi wa Keko na besi yangu

Naandika nikiwa na hasira. Anayetaka maelezo ya kistaarabu asubiri nitulie, ingawa kwa wiki hii sioni dalili.

Besi yangu, yaani gitaa la besi, ni ya mtumba, nakala ya Jazz Bass ya Fender, nilinunua kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anahama mji. Yeye naye aliikuta kwa mtu, na huyo mtu, popote alipo, siku moja aliamka akaamua kuichimba. Katikati ya pikapu zake mbili (pikapu za gitaa, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, siyo za kubebea mchanga) akachimba nafasi ya pikapu ya tatu, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche. Mgongoni akachimba tundu jingine la betri, na kingo zake zilivyokuwa ungedhani muhogo ulioliwa na panya. Pikapu ya tatu hakuna, betri hakuna, mashimo ndiyo nikarithi mimi. Nimepiga harusi kama miaka miwili nikiwa nimeziba lile la mbele kwa plastiki nyeusi niliyokata kwenye ndoo. Mpaka siku MC akaniuliza kwenye maiki, mbele ya kamati nzima, kama gitaa langu lilipigwa risasi.

Ndipo nikaenda Keko, hapa hapa Dar. Huko ukitaka kitanda, kabati, sofa, hukosi fundi, na nilielekezwa kwa mzee mmoja, nikaambiwa akiziba mbao huoni alipoziba. Nimpe haki yake mapema kabla hasira haijapanda: kazi anaijua. Alikwangua rangi ya zamani, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha juu ya bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, aone nyuzi za mbao zimelala vipi. Kisha akachukua kipande chake, akakigeuza na kukigeuza mpaka nyuzi zake nazo zikaelekea kulekule. Hilo si urembo. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu haisogei kiasi cha kuonekana, kwa hiyo kiraka kilicholala kinyume kitavutana na bodi mpaka kimoja kichoke. Nilipomtajia puti ya magari alinitazama kama nimetukana. "Puti ni ya bati, mwanangu."

Akanyoosha kingo za shimo kwa patasi, akakata kiraka kilichozidi kwa unywele, akapaka gundi, akakigonga kwa nyundo ya mbao. Kikaingia na ule mlio wa droo nzuri ikifungwa. Nilifurahi nikamwagizia chai na chapati mbili. Chapati zangu zile!

Sasa tuje kwenye gundi. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi, na maji yale huingia kwenye mbao pande zote mbili za kiungo, mbao inavimba. Ukiipiga randa hivyo hivyo ikiwa imevimba, utaona bapa kama kioo. Ikija kukauka inasinyaa, na pale kwenye kiungo panazama. Dawa yake haiuzwi dukani: ni kusubiri. Unakiacha kiraka kimesimama juu kidogo ya bodi, siku kadhaa, wiki ukiweza, hasa kwa joto na unyevu huu wa Dar, ndiyo urudi na randa na msasa. Mimi haya nayajua, na nilimwambia. Nilimwambia, jamani! "Fundi, tafadhali, liache mpaka Jumamosi." Akasema sawa, ondoa shaka.

Kesho yake jioni napita kuchungulia, nakuta bodi inaning'inia kwenye waya kati ya meza ya vioo na kichwa cha kitanda cha bibi harusi. Nyeusi. Inang'aa. Imeshapulizwa rangi, bado inanuka tina.

Na nyeusi ya kung'aa haitunzi siri ya mtu. Wiki ya kwanza safi, nikajiona mimi ndiye mwoga. Kama wiki ya tatu hivi, ukumbini, taa zikazunguka zikapita juu ya gitaa, nikaona mstari. Halafu mstari wa pili. Ilipofika saa ya kukata keki shimo lote lilikuwa limerudi, pembe zake nne kamili, limetitia kama kaburi baada ya masika. Ukipitisha ukucha unakwama.

Nikarudi Keko na besi begani. Mzee hakuinua hata kichwa. Akaligusa kwa kidole gumba, akasema, "Kwani wewe gitaa unalipiga au unaliangalia?" Karakana nzima ikacheka, mpaka yule kijana wa msasa aliyekuwa amefunika uso kwa kitambaa. Mimi kimya. Majibu mazuri yalinijia yote saba nikiwa kwenye daladala.

Lakini hilo siyo lililoniuma zaidi. Kilichoniuma ni alichosema baadaye: "Niachie, nikupake puti hapo juu, hutaona kitu." Puti! Yeye mwenyewe, ya bati! Hapo nikabeba kilicho changu nikaondoka. Kwenye njia ya waya wa ethi unaokwenda kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi za gitaa, pia aliacha gundi imejaa, nikatoboa mwenyewe kwa drili, hilo nimeshamsamehe. Puti sijasamehe.

Kwa hiyo nilikaa kuandika: msiende, nyota moja, na hiyo moja ni ya chapati. Nikageuza gitaa nilipige picha ya ushahidi, na kwa bahati mbaya nikaanza na mgongo.

Nimetafuta lile tundu la betri kwa tochi ya simu. Nimelitafuta kwa ukucha, kwa macho yaliyofumbwa, nikiwa nimeinamisha bodi dirishani. Silioni. Mzee yuleyule, gundi ileile, rangi ileile. Tofauti ni kwamba la mgongoni aliliziba kwanza, halafu umeme wa mtaa ukakatika, kompresa ikalala, bodi ikakaa rafuni kama wiki bila mtu kuigusa. Umeme uliporudi oda zilikuwa zimepandana, na shimo la mbele likafanyiwa mbio za watu wenye harusi zao.

Sasa niwaambie nini? Mikono ile sijaiona kwingine. Nilienda kwa mwingine, kijana ana mashine zote, akanitajia bei mara tatu na kunishauri ninunue bodi mpya. Nimebaki nina hasira na mtu ninayemhitaji. Kiraka cha mbele kwa sasa kimeshakauka vya kutosha, kinachotakiwa ni kukwangua rangi mpaka kwenye mbao, kusawazisha, kupaka sila ya kuziba vinyweleo vya mbao na kupuliza upya, na nasikia atadai hela tena, jambo ambalo nikilifikiria napata kizunguzungu.

Jumamosi naenda. Nikifika nitamlazia besi kifudifudi mezani nimwambie, fundi, tafuta shimo. Akiliona, chai juu yangu.